Mwamba Ukifungwa, Nani Anaufungua?

Siku za bamvua maji hupwa mbali, na miamba ambayo siku nyingine hufunikwa hubaki wazi kwa saa chache. Hizo ndizo saa za pweza. Kutoka Pemba hadi Kilwa, na kusini zaidi hadi Madagaska, kina mama hushuka na fimbo ya chuma au kijiti cha mti mkononi, macho chini, wakitafuta kirundo cha makombe na vijiwe mdomoni mwa tundu. Makombe hayo ni mabaki ya mlo wa pweza, naye huyarundika mlangoni kwake bila kujua kwamba anajitangaza. Mvuvi mzoefu huyakariri matundu yake kama mkulima anavyokariri minazi yake. Pweza akitolewa leo, mwingine atalihamia tundu lile lile, na bamvua lijalo mwenye kulijua atarudi.

Mhadhara huu unamwita pweza kuwa shahidi katika swali ambalo kwa kawaida huulizwa kuhusu tembo, misitu na mito: je, wananchi wanaweza kusimamia wenyewe maliasili wanazoishi nazo, na wakiweza, ni kwa masharti gani? Pweza anafaa kwa sababu moja. Maisha yake ni mafupi. Msitu wa miombo huchukua nusu ya umri wa mtu kabla haujaonyesha kama kanuni iliyowekwa ilikuwa njema au mbaya, na kufikia hapo waliopitisha kanuni hiyo wamezeeka, bwana misitu amehamishwa mara kadhaa na mradi umefungwa. Pweza hujibu ndani ya miezi michache.

Pweza wa miamba ya pwani hii, anayejulikana kwa wanasayansi kama Octopus cyanea, haishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu hivi. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyatundika mayai yake pangoni, maelfu kwa maelfu, huyapepea maji, huyalinda bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Vitoto huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Anayesalimika hukua kwa kasi ambayo samaki wachache huifikia. Mdogo wa nusu kilo akiachwa mwezi mmoja au miwili anaweza kuwa mzigo wa kilo nzima au zaidi. Kwa hiyo kila anayemtoa pweza mchanga hupoteza vitu viwili kwa mpigo: uzito ambao ungekuja bure, na mayai ambayo hayatatagwa.

Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Ni kanuni yenye nia njema, lakini mtu aliyesimama na kijiti juu ya tundu hawezi kumpima aliyemo ndani. Humjua ukubwa akishamchoma na kumtoa, na wakati huo amekwisha kufa au yu mahututi. Kumrudisha majini hakumfai yeyote ila taa na mikunga. Gramu 500 zinapimika vizuri sana mezani kwa mnunuzi, mwambani hazipimiki. Hapo ndipo jambo la mhadhara huu linapoanza: kanuni iliyotungwa mbali na tundu la pweza inaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado ikashindwa kufanya kazi, na anayegundua kwamba imeshindwa ni yule mwenye kijiti.

Kusini magharibi mwa Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, wanaishi Wavezo, watu ambao bahari kwao ni shamba, barabara na utambulisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni ya kununua mazao ya bahari yalianza kufika mpaka kwenye vijiji vyao, na pweza, ambaye zamani alikuwa kitoweo, akageuka kuwa fedha taslimu. Baada ya muda mfupi wavuvi walianza kuona pweza wakipungua na kuwa wadogo. Mwishoni mwa 2004, wakisaidiwa na shirika la Uingereza la Blue Ventures, walikubaliana kufanya jaribio: mwamba mmoja, Nosy Fasy, ufungwe kwa miezi saba, usiguswe na yeyote kwa ajili ya pweza. Miamba mingine yote ilibaki wazi. Hakuna aliyeambiwa aache kuvua. Aliambiwa tu asivue pale.

Juni 2005 mwamba ulifunguliwa, na pweza walikuwepo, wengi na wakubwa. Lakini watu pia walikuwepo. Habari ilikuwa imevuka vijiji, na siku ya ufunguzi walimiminika hata wale ambao hawakufunga chochote. Faida iliyosubiriwa kwa miezi saba iligawanywa kwa umati, na kwa siku chache ikawa imekwisha.

Mradi wa kawaida wa maendeleo ungeandika hapo ripoti ya kushindwa, au, vibaya zaidi, ripoti ya mafanikio yenye picha za pweza wakubwa na bila neno juu ya umati. Wavezo walifanya jambo la tatu. Walikaa kikao. Kama majirani wanakuja kuvuna mwamba ambao hawakuulinda, basi majirani nao wafunge ya kwao, tena kwa wakati mmoja. Kama miezi saba ni mirefu mno kwa mnyama anayekua haraka hivyo, ipunguzwe iwe miwili au mitatu. Adhabu ziliandikwa katika dina, yaani makubaliano ya kimila ambayo Madagaska huyatambua kisheria. Kufikia 2006 vijiji vilivyokuwa vikigombea siku ya ufunguzi vilikuwa vimeungana katika eneo moja la usimamizi lililoitwa Velondriake, jina lenye maana ya kuishi na bahari. Serikali nayo ilijifunza na kuweka mapumziko ya kila mwaka ya uvuvi wa pweza katika eneo hilo la nchi, kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha hesabu za miaka minane ya kazi hiyo, zenye mafungo 36 ya kati ya miezi miwili na saba. Katika mwezi uliofuata ufunguzi, pweza waliofikishwa nchi kavu kutoka maeneo yaliyofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kila mvuvi kwa siku alipata karibu asilimia 90 zaidi. Wakati miamba imefungwa, kipato cha vijiji hakikushuka kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu kilichofungwa kilikuwa sehemu tu ya uwanja wa kijiji. Ukijumlisha na kutoa, mafungo 27 kati ya 36 yalileta faida.

Asilimia 700 ndiyo tarakimu inayopendwa kwenye mabango. Tarakimu inayostahili heshima zaidi ni tisa, idadi ya mafungo ambayo hayakulipa. Kijiji kinachojua kwamba mara moja kati ya nne kilikosea, na kikaandika hivyo, kina kitu ambacho idara nyingi za serikali hazina. Mafungo hayo tisa ndiyo yanayokalisha watu kwenye jamvi kuulizana: tulifunga mwamba usiofaa? Tulifungua siku mbaya? Kuna walioiba usiku? Aliyenufaika alikuwa nani?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Uvuvi wa pweza kwa miguu, maji yakipwa, kwa muda mrefu ulikuwa kazi ya wanawake na wazee. Bei ilipopanda waliingia wanaume wenye miwani ya kuzamia, mikuki na vyombo, nao hawahitaji bamvua. Wanaweza kumfuata pweza kwenye kina chochote wanachoweza kuzamia. Sasa kamati ikifunga mwamba wa kina kifupi ulio karibu na ufukwe, wanaofungiwa riziki ni wale wanaotembea. Mzamiaji ataendelea na mwamba wake wa nje kama kawaida. Na mwamba ukifunguliwa siku ya maji mafu, yasipokupwa vya kutosha, mavuno yaliyotunzwa na wanawake kwa kukaa mikono mitupu yatachukuliwa na wanaume asubuhi moja. Kwa macho ya mpita njia, uamuzi wa tarehe ya ufunguzi ni jambo la kalenda. Kwa yule anayetembea mwambani ni uamuzi wa nani ale. Ndiyo maana kamati ya uvuvi isiyo na wanawake wanaochokoa pweza ni kamati isiyoona nusu ya bahari, hata kama wajumbe wake wote ni waaminifu.

Habari za Andavadoaka zilisafiri kwa njia ambayo mazao ya bahari na mambo ya bahari yamesafiri siku zote, kutoka kwa mvuvi hadi mvuvi. Kisiwa cha Rodrigues, upande wa Morisi, kilifunga uvuvi wake wa pweza kwa miezi miwili mwaka 2012. Katikati ya muongo huo jamii za Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, zilianza mafungo yao zikisaidiwa na mtandao wa Mwambao, na vijiji vingine vya Pemba na Unguja vikafanya hivyo, na vilevile Songosongo na Mafia upande wa Bara. Kilichovuka bahari hakikuwa miezi saba wala miwili. Wapemba hawakuhitaji kuambiwa na Wavezo tarehe ya kufunga mwamba wao. Upepo wao, soko lao na bamvua lao wanavijua. Walichochukua ni utaratibu: funga sehemu ndogo, kwa muda mfupi, pima kabla na baada, kaa kikao, badilisha, funga tena.

Huko Pemba na Unguja utaratibu huo ulikutana na mambo ambayo Andavadoaka haikuwa nayo. Kuna sheha, anayewakilisha serikali katika shehia. Kuna kamati ya uvuvi ya shehia, ambayo imo katika mpango rasmi wa usimamizi. Halafu kuna wavuvi wa dago, wanaohama na pepo kutoka kisiwa hadi kisiwa, wakipiga kambi msimu mzima mbali na kwao. Dago ni desturi kongwe na ya heshima. Ndiyo iliyosambaza ujuzi, ndoa na lahaja kando ya pwani yote. Lakini mgeni wa dago hakuwepo kwenye kikao cha kufunga mwamba. Kumfukuza ni kuvunja undugu wa bahari, na kumwachia ni kumpa mavuno ya wengine. Jibu haliwezi kuwa moja kwa visiwa vyote. Panapofaa mgeni ataomba ruhusa kwa wenyeji na kufuata masharti yao. Kwingine atahesabiwa kama mwenyeji kwa msimu ule. Cha lazima ni kwamba ajue kabla ya kutia nanga.

Ipo nadharia iliyosema kwamba haya yote hayawezekani. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala katika jarida la Science akifananisha mali ya pamoja na malisho yasiyo na mwenyewe: kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kwa sababu faida ni yake peke yake na hasara ni ya wote, mpaka nyasi ziishe. Kutoka hapo serikali nyingi zilichukua hitimisho la haraka kwamba kilicho cha wote hakina budi kuchukuliwa na dola au kugawiwa watu binafsi. Hardin mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikiri kwamba alichokieleza ni mali ya pamoja isiyosimamiwa. Marekebisho hayo hayakusomwa na watu wengi kama makala ya kwanza, na misitu mingi ya Afrika iliendelea kuwekewa mipaka na watu ambao hawakuuliza kama palikuwa na wasimamizi.

Aliyeuliza alikuwa Elinor Ostrom. Alianza na maji ya visima ya eneo la Los Angeles, kisha akakusanya mifano ya dunia nzima: wafugaji wa kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambao tangu 1517 walikuwa na kanuni kwamba mtu asipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi; wakulima wa Valencia, Hispania, ambao mahakama yao ya maji huketi kila Alhamisi mbele ya mlango wa kanisa kuu; wakulima wa Nepal waliosimamia mifereji yao ya udongo vizuri kuliko serikali ilivyosimamia ile ya saruji. Kitabu chake cha 1990 kilitaja sifa nane za taasisi za pamoja zilizodumu. Mojawapo, ambayo wasomaji wengi huipita haraka, ni kwamba watu wanaoguswa na kanuni wanaweza kushiriki kuzibadilisha. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Sifa hiyo ya kushiriki kubadilisha kanuni ndiyo kiini cha mhadhara huu. Katika Afrika Mashariki mazungumzo ya usimamizi shirikishi hulenga zaidi ulinzi: nani atafanya doria, nani atatoza faini, nani atapewa buti na filimbi. Wananchi wamepewa ulinzi kwa ukarimu mkubwa. Mamlaka ya kubadilisha kanuni baada ya kuona matokeo yake ni jambo jingine, na hayo hutolewa kwa kijiko.

Mfano mkubwa kuliko wote wa Bara uko mbali na bahari, Usukumani. Ngitili ni neno la Kisukuma kwa kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha kikafunguliwa kiangazi kikali ng'ombe wanapokosa pa kula. Ni mwamba uliofungwa, ila wa nchi kavu. Historia iliuvunja utaratibu huo mara kadhaa. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kupambana na mbung'o. Pamba ikachukua ardhi. Na uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 uliwatoa watu mahali ngitili zao zilipokuwa. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norwei na watafiti wa kilimo misitu. Jambo la kuvutia ni kwamba mradi haukuanza na ngitili. Ulianza na vitalu vya miche, kama miradi yote ya wakati ule. Ulipogeuka na kuuliza wazee walikuwa wakifanya nini kabla ya kufyekwa kwa vichaka, ukakuta jibu limo katika lugha ya wenyeji. Mwaka ule wa kuanza ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati huo, ambao sehemu zake leo ni Simiyu na Geita. Miti haikupandwa kwa sehemu kubwa. Mizizi na visiki vilivyokuwa chini ya ardhi viliachwa vichipue. Uchunguzi wa thamani ulikadiria kwamba ngitili zilimpa kila mtu kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Safari za kutafuta kuni zilipungua kwa saa kadhaa, na anayebeba kuni Usukumani anajulikana.

Kanuni za ngitili zilipitishwa na dagashida, baraza la kimila, na kusimamiwa na sungusungu, walinzi wa jadi, kwa mujibu wa desturi na pia wa serikali ya kijiji. Tofauti na hifadhi yenye mipaka ya kudumu, ngitili hufunguliwa kwa vipande: hapa mwezi huu, pale mwezi ujao, kulingana na nyasi zilivyo. Mwaka wa ukame hufunguliwa mapema, na mwaka wa neema huchelewa. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyezitazama nyasi.

Lakini ngitili zina doa lake, na kulificha si kuzitendea haki. Dagashida kwa desturi lilikuwa baraza la wanaume. Ngitili nyingi ni za watu na kaya, na mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa. Asiye na ardhi hununua nyasi kwa jirani aliyezifunga. Mali iliyorudi iliongeza pia thamani ya kugombewa. Hayo ni malalamiko yale yale ya mwanamke wa mwambani na mzamiaji, yakiwa yamevaa nguo za nchi kavu.

Msitu wa Duru-Haitemba huko Babati, wa hekta zipatazo 9,000 na vijiji vinane kuuzunguka, unaonyesha upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia kwamba msitu utachukuliwa, wapo walioingia kuvuna upesi kabla haujafungwa. Ni tabia ambayo Hardin angeitumia kama ushahidi, ingawa iliyoizaa ni tangazo la dola. Kufikia katikati ya muongo huo mpango uligeuzwa: kila kijiji kilipewa sehemu yake kusimamia, kikaweka walinzi wake na sheria zake ndogo. Uchomaji mkaa na ukataji holela vilipigwa marufuku na watu wale wale walioshutumiwa kwavyo. Uzoefu wa Babati ulisaidia kufungua njia kwa Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo, pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliwapa Watanzania mojawapo ya misingi imara zaidi barani Afrika ya misitu ya vijiji.

Kwa hiyo sheria mama zipo. Bahari nayo ina zake: Sheria ya Uvuvi ya 2003 kwa Bara, inayotambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za fukwe, na ile ya 2010 kwa Zanzibar. Kikwazo kiko chini zaidi, kwenye karatasi za kati. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka ipitishwe na halmashauri ya wilaya. Ni ngazi ya haki. Bila hiyo kijiji kingeweza kuwaonea wachache au majirani. Ila ikiwa sheria ndogo imeandikwa kwamba mwamba fulani utafungwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, basi kijiji kikigundua kwamba tarehe hiyo inaangukia maji mafu na kuwanyima wanawake mavuno, lazima sheria ianze safari upya: mkutano mkuu, kamati ya halmashauri, mwanasheria, baraza la madiwani. Pweza hawangojei safari hiyo. Kizazi kizima chao kinaweza kuzaliwa na kufa kabla muhtasari haujasainiwa.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Sheria ndogo iandike mamlaka na mipaka: kijiji kina haki ya kufunga, kisifunge zaidi ya kiasi fulani cha uwanja wake, faini ni hii, rufaa ni kwa fulani, wanawake wavuvi wawe na viti hivi. Tarehe, mwamba na muda viachwe kwa mkutano wa wavuvi, viandikwe katika daftari na kubandikwa dikoni. Halmashauri itahakikisha haki, na kijiji kitahakikisha kalenda. Inashangaza ni mara ngapi kazi hizo mbili hugeuzwa, halmashauri ikajishughulisha na kalenda na haki ikakosa wa kuihoji.

Haitoshi kuipa jamii uhuru na kisha kuiacha peke yake. Tanga ilifundisha somo hilo kwa machungu. Tangu 1994 mpango wa usimamizi wa mwambao wa mkoa huo ulivikutanisha vijiji na halmashauri, miamba ikafungwa, doria za pamoja zikafanyika na uvuvi wa mabomu ukapungua sana. Msaada ulipokwisha, miaka ya 2000 ikielekea mwisho, milipuko ilirudi kwa nguvu. Mzee wa kijiji mwenye faini ya maelfu ya shilingi hana la kumwambia mtu mwenye baruti na boti ya injini. Hali ilikuja kutulia miaka ya baadaye pale vyombo vya dola vilipoungana kuwasaka waliokuwa wakisambaza milipuko nchi kavu, mbali na bahari. Mwamba unaweza kusimamiwa na wanaoutembelea. Baruti iliyotoka mgodini ni kazi ya serikali, na kijiji kisilaumiwe kwa kushindwa nayo.

Sasa mwambao una jambo jipya, nalo ni fedha za kaboni. Katika Ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu 2013. Hekta zake ni 117, tani za hewa ya ukaa ni takriban 3,000 kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na upandaji wa mikoko. Kamati yake huchaguliwa na wanakijiji, na matumizi huamuliwa hadharani. Ni mradi wa kuheshimiwa, na umetangulia wenzake duniani. Lakini mikataba ya kaboni hupimwa kwa miongo, kwa sababu mnunuzi anataka uhakika kwamba hewa aliyoilipia itabaki ardhini. Uhakika huo unakwenda kinyume na hitaji la kijiji la kubadilika. Mikataba ya namna hiyo, na mingine mingi mikubwa zaidi inayosainiwa sasa katika misitu ya vijiji vya Tanzania, inapaswa kusomwa kwa swali moja: mwaka wa kumi, mambo yakiwa yamegeuka, mkutano wa kijiji utaruhusiwa kuamua nini bila kumwomba mtu aliye nje ya nchi?

Na mambo yanageuka. Joto la bahari la 1998 liliyaua matumbawe kwa eneo kubwa la Bahari ya Hindi magharibi, na tangu hapo joto limerudi zaidi ya mara moja. Wakulima wa mwani wa Unguja, wengi wao wanawake, waliona aina yenye bei nzuri ikioza katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na baadhi yao wakajaribu kuisogeza kwenye maji ya kina kirefu ingawa wengi wao hawakuwa wamefunzwa kuogelea. Hawakungoja mwongozo. Katika pwani inayobadilika hivyo, kanuni iliyoandikwa kwa bahari ya juzi itachakaa hata kama ilikuwa kamilifu siku ilipoandikwa.

Siku ya kufungua mwamba, Pemba au Songosongo, watu huamka kabla ya jua na kusubiri maji. Kwa saa kadhaa mwamba hujaa vicheko na kelele, kisha maji huanza kujaa, na kila mtu hurudi dikoni na alichopata. Wachuuzi wapo, mzani umetundikwa, na kijana mwenye daftari huandika: uzito, idadi, aliyevua kwa miguu, aliyezamia. Pweza wakubwa hupigwa picha na wageni. Jioni wageni wakishaondoka, kamati hufungua daftari lile, na mtu mmoja, mara nyingi mama ambaye leo amepata wawili tu, huuliza kwa nini siku hii ilichaguliwa na nani aliichagua.